Bwana Diamond na maneno ya mwisho

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ni nani aliyefanya kazi kubwa nyuma ya pazia, sifa zikaenda kwa mwingine? Wangu ni I.A.L. Diamond, mwandishi wa filamu za vichekesho Hollywood. Nyumbani wananicheka kwamba filamu ikiisha nang'ang'ania kusoma majina mpaka la mwisho. Huko ndiko nilikomkuta.

Alizaliwa 1920 huko Ungheni, Bessarabia (leo ni Moldova, Ulaya Mashariki), akahamia Marekani utotoni. Shuleni New York hesabu zilikuwa zikimwogopa yeye, akabeba medali. Ukubwani, akiulizwa zile herufi tatu zina maana gani, alijibu kwa utani kuwa ni kifupi cha Interscholastic Algebra League, yaani ligi ya aljebra ya mashuleni.

Alishaandika Hollywood miaka kadhaa kabla ya kukutana na mwongozaji wa filamu Billy Wilder. Kuanzia 1957 hadi 1981 filamu zao zilifika 12. Wilder hatulii, anazunguka chumba na bakora mkononi. Diamond yuko kwenye taipu, kimya. Ukimpa wazo la kutisha kwa uzuri, atajibu, "Kwa nini isiwe?" Hapo kakusifu hana zaidi.

Sasa chukueni filamu yao Some Like It Hot ya 1959. Mwishoni wako kwenye boti, tajiri Osgood anataka kumwoa Daphne, ambaye ni mwanamuziki wa kiume aliyevaa kike akiwakimbia majambazi. Daphne anatoa visingizio: navuta sigara, sizai. Osgood hashtuki; watoto tutaasili. Mwishowe jamaa anavua wigi: mimi mwanaume! Osgood anatabasamu tu: "Hakuna aliyekamilika."

Maneno hayo ni ya Diamond. Wawili wale waliyaweka kwa muda tu, wakisema watatafuta mengine bora. Siku ya kupiga picha ikafika, bora hawajayapata. Mngekuwa nyinyi mngeyafuta?

Mwaka uliofuata ikaja The Apartment, wakagawana Oscar ya uandishi. Lakini usiku huohuo Wilder alibeba na ya uongozaji na ya filamu bora, kwa hiyo mnajua jina gani lilibaki midomoni. Simlaumu, mwenyewe alikuwa akisema wazi kwamba maneno yale ya Osgood si yake.

Wilder alifariki 2002, akazikwa Westwood, Los Angeles. Jiwe lake limeandikwa kwamba yeye ni mwandishi, lakini hakuna aliyekamilika. Diamond alikuwa ameshafariki tangu 1988.