Helikopta ya rimoti ya 450 inatetema na mkia unayumba: usiagize kichwa cha alumini bado

Waalaykumu salaam, yakhe. Umesema seti ya 450, ile helikopta ndogo ya rimoti, umeshaiunda huko Wete, ikishika kasi inatetema mwili mzima, mkia unacheza kushoto na kulia, na hata ukisukuma stiki hadi juu haipandi zaidi ya vidole viwili. Unauliza kama uagize kichwa cha alumini, yaani sehemu ya juu inayoshika mapanga yanayozunguka, badala ya kile cha plastiki. Usiagize. Alumini haiondoi mtetemo. Tena ukianguka nayo, plastiki huvunjika ukaona, ilhali alumini hupinda kidogo usione, ukaendelea kurusha kitu kilichopinda.

Kabla ya kugusa chochote vua mapanga na uchomoe nyaya mbili kati ya tatu za mota. Panga la milimita 325 kwenye mizunguko 2600 kwa dakika, ncha yake inakwenda karibu kilomita 340 kwa saa. Hilo si la kujaribia mezani.

Tuanze na mtetemo, maana ndiko kosa linakojificha zaidi. Fungua vishikio vya mapanga. Ndani ya kila kimoja kuna beringi ya msukumo: ringi mbili na kikombe cha gololi katikati. Ringi zile zinafanana kama pacha lakini si sawa. Zipitishe moja moja kwenye shafti ya vishikio: moja itabana, nyingine itacheza kidogo kwa sababu tundu lake ni kubwa. Yenye tundu kubwa inakaa ndani, upande wa kitovu. Inayobana inakaa nje, upande wa bolti. Ukizigeuza, panga likivutwa nje kwa mzunguko ringi inakwaruza, kishikio kinakuwa kizito, sevo (mota ndogo zinazogeuza pembe ya mapanga) zinahangaika na kichwa kizima kinatikisika. Tia grisi kwenye gololi ukirudisha. Shafti yenyewe iviringishe juu ya kioo cha meza. Ikipindapinda hata kidogo, itupe, usiinyooshe.

Skrubu ya chuma inayoingia kwenye chuma isafishwe mafuta kwa spiriti, kisha tone dogo la gundi ya buluu ya kuzuia skrubu isilegee. Nyekundu usiitumie, hutaifungua tena. Gundi hiyo isiguse plastiki, inaipasua.

Mapanga sasa, lazima yalingane. Nenda kwa sonara mwenye mizani ya kupimia dhahabu, au tafuta yako inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Lakini uzito peke yake hautoshi. Laza kila panga juu ya ukingo mwembamba, tafuta linapokaa sawa, utie alama. Alama zikitofautiana umbali kutoka tundu la bolti, bandika utepe kwenye ncha ya panga ambalo alama yake iko karibu zaidi na tundu, mpaka zilingane. Halafu pima uzito, na upungufu uujazie kwa utepe juu ya alama ile ile ili isihame. Ukiyarudisha, kaza bolti kiasi tu: ukiishika helikopta ubavu mapanga yasianguke yenyewe, ukiitikisa yaanguke. Wengi hukaza kama bolti ya baiskeli, panga likakosa kujinyoosha, hapo hakuna kusawazisha kutakakosaidia.

Kutopanda ni suala la pembe ya mapanga na mizunguko yake. Stiki ikiwa katikati, mikono ya sevo iwe nyuzi 90 na mapanga yasome sifuri kwenye kipimo cha pembe. Juu kabisa yasome 10. Helikopta hii huelea kwenye 5 hadi 6, kwa hiyo ukiona 3 tu mwisho wa stiki, ndio sababu haipandi. Mizunguko hesabu mwenyewe: mota ya mizunguko 3500 kwa kila volti, betri ya volti 11.1, gia ndogo ya meno 13, kubwa ya 150. Zidisha mizunguko kwa volti na kwa meno ya gia ndogo, gawa kwa meno ya kubwa, kisha chukua asilimia 85 kwa ajili ya mzigo: utapata kama 2860. Kwa meno 11 ni kama 2420, na kwa anayejifunza inatosha kabisa. Kati ya gia mbili pitisha kipande cha karatasi ukifunga mota. Kitoke kimekunjwa bila kuchanika.

Mkia ukiyumba haraka haraka, hisia ya jairo (kifaa kinachozuia mkia usigeuke wenyewe) imezidi: punguza asilimia 5 kila mara mpaka utulie. Kabla ya hapo chomoa kijiti cha mkia na usukume kwa kidole kitelezi kinachogeuza pembe ya mapanga ya mkia. Kikikwama popote, jairo halina kosa. Kisha geuza pua kushoto kwa mkono: mapanga ya mkia yajibu kama vile umeomba kulia kwa stiki. Yakijibu kinyume, itazunguka kama pia mara tu ikiacha ardhi.

Kwetu adui mkubwa ni chumvi na mchanga. Usiondokee ufukweni, upepo wa mapanga unainua mchanga ukaingia kwenye gia na mkanda. Weka ubao wa kurukia kwenye uwanja wa majani, mbali na watu na uwanja wa ndege, asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, khasa msimu wa kusi. Ukimaliza, shafti za chuma zipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Beringi ukiizungusha ukahisi changarawe, badilisha. Hayo ndiyo matumizi ya pesa ninayoyakubali, pamoja na mapanga mazuri. Betri ya mAh 2200 ichaji kwa ampea 2.2, tua ikibaki robo, na ikikaa siku kadhaa iache kwenye volti 3.8 kila seli.

Fanya kwa mpangilio huo, kisha andika hapa gia yako ndogo ina meno mangapi na kipimo kimesoma nyuzi ngapi stiki ikiwa juu.