Kiti cha kipima jua: ng'oa boliti ya nne

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umefunga pairanomita, kile kipima mionzi ya jua chenye kuba la kioo, juu ya paa Chumbageni, hapa Tanga. Kimekaa kwenye pleti yenye boliti nne, moja kila kona, na kila ukikaza moja povu la pima maji linakimbilia upande mwingine. Unauliza ununue boliti gani. Usinunue kitu. Ng'oa moja.

Kigoda cha miguu mitatu hakichezi hata ukikiweka juu ya mawe. Meza ya miguu minne ndiyo inayotafutiwa kipande cha boksi cha kutia chini ya mguu. Nukta tatu zinatosha kushika bapa. Ya nne ukiikaza haina kazi iliyobaki ila kuipinda pleti, na hilo povu unalolifukuza ni pleti inayopinda.

Somo hili nimelilipia. Karakana yangu iko Ngamiani, kazi kubwa mageti na madirisha. Mteja mmoja wa Raskazone akaniletea kipimo kama chako, nikamfanyia kiti cha pleti ya alumini na boliti nne za stenlesi, kinang'aa mpaka nikakipiga picha. Akaja kurudi na grafu ya siku isiyo na wingu: asubuhi imevimba, alasiri imeinama kama mnazi wa ufukweni. Tukalaumu kipimo.

Hapa kuna mtego. Tanga jua halifiki kileleni saa sita kamili. Sisi tuko longitudo 39, saa zetu zinafuata ya 45, kwa hiyo kilele huja kama dakika 24 baada ya saa sita, na husogea karibu robo saa mbele au nyuma kufuatana na mwezi wa mwaka. Ukiigawa grafu saa sita kamili utaona alasiri imezidi hata kama kiti kimekaa sawa. Sisi tuliigawa mahali pake, na bado asubuhi ilikuwa juu. Kiti kilikuwa kimelala upande wa mashariki.

Na kulala kidogo tu kunatosha. Jua likiwa digrii 30 juu ya upeo, kipimo kikiinama digrii 1 kulielekea, mwanga wa moja kwa moja unasomeka zaidi kwa asilimia 3. Alasiri, jua likiwa kimo kilekile upande wa pili, unapungua kiasi hichohicho. Jua la utosini halionyeshi kosa hilo, ndiyo maana mteja wangu alikuwa akiangalia namba za adhuhuri na kuridhika.

Nikapanda kurekebisha, boliti hazizunguki. Pembeni ya kila tundu kuna unga mweupe. Alumini ikigusana na stenlesi kwenye upepo wa chumvi, inayoliwa ni alumini, na ule unga hukaza meno kuliko gundi. Nilizikata kwa grenda, kipimo cha watu kimefungwa kwenye kanga ya mama mwenye nyumba.

Siku hizi nafanya hivi. Pleti mbili za stenlesi, ya chini imeshikwa kwenye nguzo ya zege au ukutani (kamwe si kwenye bati, bati linapumua mchana kutwa). Pleti ya juu ina boliti tatu za M6 (unene wa milimita 6) zinazopita kwenye meno yake, ncha zimechongwa mviringo. Ncha hizo zinakaa juu ya pleti ya chini, lakini si ovyo. Ya kwanza inakaa kwenye kishimo nilichochimba kwa ncha ya kekee nene. Ya pili inakaa kwenye mfereji wa umbo la V, niliouchonga kwa tupa ya pembetatu, na mfereji huo lazima uelekee kwenye kile kishimo. Ya tatu inakaa pabapa. Wenye vitabu huuita mkao wa Kelvin. Kishimo kinazuia miendo mitatu, mfereji miwili, bapa mmoja, jumla sita (kuteleza pande tatu, kuzunguka pande tatu), na kitu hakina mwendo wa saba. Pleti ikipata joto inatanuka kufuata mfereji bila kupinda, na ukiinyanyua kusafisha, ukiirudisha inakaa palepale.

Ile boliti yako ya nne usiitupe. Ipitishe katikati, kwenye tundu pana la pleti ya juu, ifunge kwenye ya chini, na chini ya kichwa chake weka springi ya vali ya pikipiki. Springi ndiyo inayobana, zile tatu zinapima tu. Kosa langu la Raskazone lilikuwa hilo hasa: boliti moja niliipa kazi ya kurekebisha na ya kukaza.

Kwa nini M6? Meno yake yanapanda milimita 1 kwa mzunguko. Pima kutoka boliti moja hadi mstari unaounganisha mbili nyingine, si kutoka boliti hadi boliti. Ikiwa milimita 200, mzunguko mmoja unainamisha pleti kama digrii 0.29, na robo mzunguko unausikia mkononi. M10 ina milimita 1.5, utahangaika.

Mafundi wa upimaji ardhi wana kanuni yao: zungusha skrubu mbili kwa pamoja kinyume, povu litafuata dole gumba la kushoto, kisha malizia na ya tatu peke yake. Kwenye kiti chetu inaweza kugeuka kutegemea umeshika boliti kutoka juu au chini. Jaribu mara moja utajua.

Mwisho nati za kufungia. Shika boliti kwa spana moja, kaza nati kwa nyingine. Povu litasogea kidogo, hilo halikwepeki, legeza urudie. Grisi kwenye meno yote, hata stenlesi kwa stenlesi, maana nazo hung'ang'aniana.

Niambie unene wa pleti uliyonayo kabla hujatoboa.