Kamati ya Uchumi ya Halmashauri ya Jiji imebaki na kazi gani?

SWALI: Mimi ni diwani mpya, nimepangwa Kamati ya Uchumi, Elimu na Afya ya halmashauri ya jiji letu. Barabara ziko TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu inachakatwa na wataalamu. Kikaoni tunasomewa taarifa, tunasema "tumepokea", tunaondoka. Miaka mitano ijayo, upande wa uchumi kamati hii itakuwa na kazi gani hasa?

JIBU: Mheshimiwa Diwani, ni kweli mengi yameondoka. TARURA ilichukua barabara mwaka 2017, na kodi ya majengo ikahamia LUKU mwaka 2021. Hata ardhi iko kwa wenzenu wa Kamati ya Mipango Miji. Lakini masoko, stendi, leseni za biashara za kundi B na maeneo ya wamachinga bado ni ya halmashauri, na hayo ndiyo yanayomgusa mfanyabiashara kila siku. Kwa maoni yangu, kamati yenu itakuwa na uzito ikiwa ndiyo mahali mradi unapohojiwa kabla fedha haijatoka.

Chukua Machinga Complex, jengo la wamachinga la Karume, Ilala, Dar es Salaam, lililokamilika mwaka 2010 kwa mkopo wa mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF. Vizimba vingi vya ghorofani vilikaa vitupu kwa miaka, wamachinga wakarudi barabarani waliko wateja, na deni likavimba hadi kuzidi mara mbili ya mkopo wenyewe. Jengo lilikuwa imara. Kilichokosekana ni mteja wa kupanda ngazi kufuata soksi anazozipata kituo cha daladala.

Kwa hiyo andiko la soko jipya likija mezani, achaneni kwanza na michoro ya rangi. Ulizeni daladala zitashusha wapi. Ulizeni kizimba cha juu kitatozwa kiasi gani ukilinganisha na cha chini. Kisha mtake hesabu ya marejesho ikiwa nusu ya vizimba havina mpangaji. Mtaalamu asiyekuwa na jibu la hilo la mwisho arudi akalitafute, hata kama mnaambiwa muda wa bajeti unabana. (Mtaambiwa. Muda wa bajeti hubana kila mwaka.)

Jambo la pili ni takwimu. Leseni sasa zinapita kwenye TAUSI, mfumo wa kielektroniki wa mapato ya halmashauri, kwa hiyo hakuna sababu ya kusomewa jumla ya makusanyo tu. Ombeni mchanganuo wa kila kata: leseni mpya, zilizohuishwa, zilizoachwa. Kata ikipoteza maduka ya jumla huku wakala wa fedha wakiongezeka, kuna kitu kinatokea pale, na nyinyi mnaoishi huko mtakijua kabla ya ofisi.

Kwenye mikopo ya asilimia 10, ile ya 4:4:2 (wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2) chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, msiingilie uteuzi wa vikundi. Diwani akianza kuchomekea kikundi cha kata yake, marejesho yamekufa. Utoaji ulisitishwa mwaka 2023 na kurejea 2024, kwa hiyo kila shilingi inaangaliwa. Kazi yenu ni kuuliza nani anarejesha, na vikundi vya vijana vikiomba bodaboda vyote, abiria watatoka wapi.

Mitaji nayo inabadilika. Mwaka 2024 Tanga UWASA, ambayo ni mamlaka ya maji na si halmashauri, iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi unaojali mazingira, ya Sh bilioni 53.12. Halmashauri ikitaka njia hiyo, wawekezaji watasoma vitabu vyake vya hesabu, na mradi ambao haukuhojiwa kwenye kamati watauona.

Kumbuka kamati inashauri, Baraza ndilo linaamua. Hoja zenu ziandikwe kwenye muhtasari pamoja na majibu ya mkuu wa idara, na kikao kinachofuata kianze na utekelezaji wake kabla taarifa mpya haijasomwa.