Wasomaji Wanauliza: Kuunda Kompyuta ya Michezo kwa Mara ya Kwanza

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu kijana hapa Tororo, Uganda, na kwa muda mrefu nimetamani kuunda kompyuta yangu ya michezo badala ya kununua iliyo tayari. Mshahara hauniruhusu kununua vyote kwa mkupuo, kwa hiyo nimekusudia kununua kifaa kimoja kila mwezi, nikianza na kadi ya michoro kwa kuwa nasikia ndiyo inayobeba michezo, kisha nifuate prosesa, bodi mama na vinginevyo mpaka vitimie. Natarajia kuwa na shilingi milioni mbili na nusu kwa jumla ndani ya miezi minane. Sijawahi kufungua kompyuta hata mara moja. Je, mpango huu ni mzuri? (Mwalimu, Tororo)

JIBU: Ndugu Mwalimu, nia ni njema, ila mpangilio ningeugeuza. Kadi ya michoro utakayoinunua mwezi wa kwanza itakaa kabatini miezi saba bila kujaribiwa, kwa sababu huna bodi ya kuichomeka. Siku utakapoiwasha na kugundua kuwa ni mbovu, dhamana ya duka huenda ikawa imekwisha, na muuzaji atakuwa na kila sababu ya kukurudisha nyumbani mikono mitupu. Ushauri wangu ni kwamba kila fungu la fedha linalotoka mfukoni likuachie mashine inayoweza kuwashwa siku hiyohiyo. Weka akiba kwanza, kisha nunua kwa pamoja vile vitu ambavyo bila kimojawapo kompyuta haitumiki: prosesa, bodi mama, RAM (kumbukumbu ya muda), diski ya SSD ya kuhifadhia na pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), pamoja na kasha la kuvihifadhi. Viunge, vijaribu, vitumie. Kadi ya michoro ije mwisho, na siyo mwanzo.

Ili hilo liwezekane, ni lazima prosesa utakayoichagua iwe na michoro yake yenyewe ndani. Mfano unaomfaa mtu wa kipato chako ni Ryzen 5 5600G ya AMD, iliyotoka mwaka 2021, yenye viini sita na inayokaa kwenye soketi ya AM4, yaani tundu la prosesa kwenye bodi mama. Peke yake, bila kadi yoyote, itakuchezea GTA V, Counter-Strike 2 au Valorant katika skrini ya 1080p (HD kamili), mradi ukubali kushusha ubora wa picha. Zingatia sana herufi zilizo mwishoni mwa jina. Ryzen 5 5600 isiyo na G haina michoro ndani, na prosesa za Intel zenye herufi F, kama Core i5-12400F, hali yake ni hiyohiyo. Ukinunua mojawapo ya hizo bila kadi, kompyuta itawaka na skrini itabaki nyeusi, nawe utadhani umeharibu kitu.

Wapo watakaokushauri uchukue soketi mpya ya AM5, ambayo AMD waliitoa mwaka 2022 na kuahidi kuiendeleza hadi mwaka 2027 au zaidi. Hoja yao ina uzito kwa mwenye fedha, lakini AM5 hupokea RAM ya kizazi kipya, DDR5, pekee, na tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM imepanda kwa kasi duniani kote kwa kuwa watengenezaji wa chipu wanaelekeza uzalishaji wao kwenye vituo vya data vya akili bandia. DDR4, ambayo ndiyo RAM ya AM4, nayo imepanda, ila ina faida moja: inapatikana ikiwa imetumika, kutoka kwa watu wanaobadilisha mashine zao. RAM ni miongoni mwa vifaa vichache ambavyo ningenunua vikiwa vimetumika bila hofu kubwa, kwa sababu haichakai kwa urahisi na programu ya MemTest86, isiyo na malipo, itakuonyesha kasoro zake usiku mmoja. Chukua vipande viwili vya GB 8, usichukue kimoja cha GB 16. Michoro iliyo ndani ya prosesa huazima kumbukumbu kutoka kwenye RAM, na vipande viwili vinavyofanya kazi sambamba huipitishia data kwa upana maradufu; tofauti hiyo utaiona kwa macho mchezoni.

Sasa nije kwenye pawa saplai, ambayo barua yako haikuitaja hata kidogo, na hapo ndipo wanaoanza wengi huumia. Madukani utaonyeshwa kasha zuri lenye taa za rangi, likiwa tayari na pawa saplai ndani iliyoandikwa wati 500, na utaambiwa kwamba hiyo ni nyongeza ya bure. Omba kuiona lebo yake. Prosesa na kadi ya michoro hula umeme karibu wote kutoka kwenye njia ya volti 12, kwa hiyo tafuta idadi ya ampea za njia hiyo na uzidishe kwa 12. Ukikuta ampea 18, hiyo ni wati 216, hata kama namba kubwa iliyo juu ya lebo inadai 500. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 huonyesha kiasi cha ampea 45, yaani wati 540. Itafute yenye cheti cha 80 Plus, kinachothibitisha kwamba haipotezi umeme mwingi, kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, tena iwe mpya. Ukilazimika kubana matumizi, bana kwenye kasha. Taa za rangi hazijapata kuongeza kasi ya mchezo wowote.

Nasisitiza hili kwa sababu ya umeme wetu. Uganda tunatumia volti 240, na pawa saplai za kisasa huzipokea bila shida, lakini zile za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma inayochagua kati ya 115 na 230. Ikiwa imeachwa kwenye 115, utasikia mlipuko mara tu utakapoichomeka ukutani. Isitoshe, umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, na sisi tulio karibu na Ziwa Victoria tunaishi katika moja ya maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Pawa saplai bora ina kinga ya ndani inayojizima hali inapoharibika, ilhali ile ya bei ya kutupa huweza kuungua na kuondoka na bodi mama. Ongeza UPS ndogo (betri inayoshika umeme unapokatika), hata ya VA 650, siyo ili uendelee kucheza gizani, bali upate dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Radi ikianza kunguruma, chomoa kila kitu, pamoja na waya wa intaneti. Na iwapo ukigusa kasha vidole vinatekenywa, usizoee hali hiyo: mara nyingi ni dalili kwamba soketi ya ukutani haina waya wa ardhini unaofanya kazi, na anayehitajika hapo ni fundi umeme wa nyumba, siyo wa kompyuta.

Kuhusu kuunganisha, usiogope. Kazi yenyewe huhitaji bisibisi moja ya nyota, meza safi na mchana mzima usio na haraka. Usiingize chochote kwenye kasha mwanzoni. Weka bodi mama juu ya boksi lake la karatasi, kisha ukalishe prosesa: katika AM4 pini ziko chini ya prosesa yenyewe, hivyo linganisha pembetatu ya dhahabu iliyo kwenye kona na alama ya soketi, uiachie iingie kwa uzito wake bila kuisukuma, halafu ulaze wenzo. Weka RAM kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ikiwa bodi ina nafasi nne. Funga feni, ambayo aghalabu huja na pesti ya kupitisha joto imeshapakwa chini yake, kwa hiyo usiiguse kwa kidole. Unganisha waya mkubwa wa pini 24 pamoja na ule wa pini nane ulio karibu na prosesa, ambao wanaoanza husahau kuliko waya mwingine wowote, na bila huo feni zinaweza kuzunguka lakini skrini haitaonyesha kitu. Kisha gusanisha kwa ncha ya bisibisi zile pini mbili za kuwashia. Ukiiona BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya bodi mama, kwenye skrini, vifaa vyako ni vizima, na kuvihamishia ndani ya kasha ni suala la skrubu tu. Hakikisha vile vishikizo vidogo vya shaba vinavyoinua bodi vipo mahali pake, kwa sababu bodi ikigusana na bati la kasha, umeme utapita pasipotakiwa.

Ukiwa bado ndani ya BIOS, washa mpangilio wa XMP ili RAM ifanye kazi kwa kasi uliyoilipia, maana bila hivyo hukimbia kwa kasi ya chini ya kawaida. Miezi michache baadaye, utakapoongeza kadi kama Radeon RX 6600, inayotumia wati 132 na yenye kumbukumbu ya GB 8, hutabadilisha kitu kingine chochote. Utahamisha tu waya wa skrini kutoka kwenye bodi mama kwenda kwenye kadi. Wengi huusahau, kisha wakaja kulalamika kwamba kadi haina nguvu.

SWALI: Mhariri, nimeonyeshwa hapa Kampala kompyuta ya ofisini iliyotumika, Dell OptiPlex ile nyembamba, yenye prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha sita. Muuzaji anasema nikiongeza kadi ya michoro itakuwa ya michezo. Je, ni kweli? (Msomaji, Ntinda)

JIBU: Ni kweli nusu. Njia hii ni nafuu na sasa inavutia zaidi, kwa kuwa mashine inakuja na RAM yake. Hata hivyo kasha jembamba hupokea kadi fupi pekee, na pawa saplai yake haina waya wa ziada wa kuilisha kadi, kwa hiyo utabaki na kadi zinazotosheka na wati 75 za kwenye soketi ya bodi, kama GTX 1650 ya umbo fupi. Pawa saplai yenyewe huwezi kuibadilisha na ya kawaida, kwani Dell wana umbo na viunganishi vyao. Kinachonifanya nikukataze mashine hiyo hasa ni kizazi chake: Microsoft walisitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi takriban prosesa zote za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Tafuta OptiPlex 3060, 5060 au 7060, na ikiwezekana iwe ya kasha pana.

SWALI: Kuna kijana anauza kadi ya michoro ya GTX 1050 Ti mpya kwa bei ya chini sana, boksi halina jina la kampuni, na ina tundu la VGA, lile la zamani la skrini. Ninunue? (Msomaji, Busia)

JIBU: Usilipe kabla hujaiona ikifanya kazi. Kadi za zamani hubadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kwa jina la kadi bora, na tundu la VGA kwenye GTX 1050 Ti ni jambo la kutilia shaka, kwa sababu chipu za kizazi hicho hazitoi picha ya analogi. Mwambie aichomeke kwenye kompyuta na afungue programu ya GPU-Z, ambayo tangu mwaka 2018 hugundua kadi nyingi za namna hiyo na kuandika mbele ya jina lake kwamba ni bandia. Akikataa, umeshapata jibu lako.

SWALI: Mwanangu amemaliza mtihani wa S6 (kidato cha sita) na anataka kutumia likizo hii ndefu kuunda kompyuta ya michezo. Mimi nahofia Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla. Itakula yuniti ngapi? (Mama, Kasese)

JIBU: Mama, pokea salamu zangu. Hesabu yake siyo ngumu. Kompyuta isiyo na kadi ya michoro, pamoja na skrini yake, ikitumia wati 120 kwa saa nne kila siku, italeta takriban yuniti 14 kwa mwezi. Ikiwa na kadi ya kadiri na kufikia wati 300, saa hizo hizo nne zitafika yuniti 36. Ongeza na gharama ya data, ambayo huenda ikazidi ya umeme, kwa kuwa mchezo mmoja mkubwa waweza kufika GB 100 kuupakua. Mngekubaliana mapema nani analipia kipi, kabla hajanunua skrubu ya kwanza.

SWALI: Naunda kompyuta Kampala, kisha nitaipeleka Arua kwa basi. Niifunge vipi? (Msomaji, Arua)

JIBU: Chomoa kadi ya michoro na uirudishe kwenye boksi lake, kwa sababu uzito wake na mitikisiko ya safari huweza kuvunja soketi iliyoibeba. Feni ndogo ya prosesa iache ilivyo. Kama ni kubwa na nzito, ifungue, lakini izungushe kidogo kushoto na kulia kabla ya kuivuta, kwani katika AM4 pesti huigandisha na prosesa ikang'oka pamoja nayo na kupinda pini. Kasha lenye kioo ulilaze kioo kikiwa juu, ndani ya boksi lake la awali na vizuizi vyake vya povu, na ikiwezekana usafiri nalo miguuni badala ya kulikabidhi buti. Ukifika, fungua na ukaze kila waya upya kabla ya kuwasha.