Sparking! Zero kwa sisi tuliokulia kwenye Tenkaichi 3: jifunze kwanza kujilinda

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama gemu ya mapigano ya Dragon Ball: Sparking! Zero ni mwendelezo wa kweli wa Budokai Tenkaichi 3 ya PS2, na kwa nini wewe uliyekuwa moto wa kuotea mbali mtaani unachakazwa kila ukiingia mtandaoni. Gemu zote mbili nimezicheza sana, ngoja nikujibu kwa kirefu.

La kwanza ni rahisi. Ni mwendelezo halali kabisa. Kule Japani zile tatu za zamani zilitoka kwa majina ya Sparking! mwaka 2005, Sparking! Neo 2006 na Sparking! Meteor 2007. Hiyo Meteor ndiyo Tenkaichi 3 yetu. Kwa hiyo hii ya Oktoba 2024 ni ya nne, imekuja baada ya miaka 17, na imetengenezwa na Spike Chunsoft, kampuni iliyotokana na Spike ileile. Ilianza na wapiganaji 182 ukihesabu kila umbo la mhusika. Kamera bado iko mgongoni, uwanja uko wazi, unaruka popote, na ukimrusha mtu kwenye mlima, mlima unavunjika. Akira Toriyama, mchoraji aliyebuni Dragon Ball, alifariki Machi mwaka huohuo, na mimi kila nikiona jinsi walivyochora nyuso na mavazi ya watu wake nahisi walifanya kazi ya heshima.

Sasa tuje kwenye kuchakazwa. Pale kibandani tulikuwa tunalipia mechi, na anayefungwa anaachia pedi. Mazingira yale yalitufundisha kushambulia tu: ukimuwahi mwenzako ngumi ya kwanza, unamsindikiza mpaka chini. Kwenye hii, mtu wa namna hiyo ndiye anayeliwa mapema, kwa sababu karibu kila pigo lina jibu lake. Ukiwa unapigwa, ukisukuma kijiti juu na kubonyeza kitufe cha ngumi kwa wakati ule hasa pigo linapotua, unajinasua na kurudisha. Hiyo inaitwa Super Counter na inataka jicho kali. Revenge Counter yenyewe ni rahisi zaidi, inakata kombo ya adui, yaani mfululizo wa mapigo yake, katikati, ila inakula akiba yako ya ujuzi, ileile unayoihitaji kubadilika umbo au kutumia mbinu kama Taiyoken, ule mwanga wa kupofusha. Halafu kuna kutoweka: adui amekurusha anakufuata, unabonyeza kinga kwa wakati, unatokea nyuma yake. Naye anaweza kukufanyia vivyo hivyo, mkaendelea kupokezana hewani mpaka mmoja akosee au ki, yaani nguvu yake ya kupigania, imwishie.

Hapo kwenye ki ndipo mechi nyingi zinapoamuliwa, na ndipo sisi wa zamani tunapopuuza. Kutoweka kunakula ki. Kukimbia kasi kunakula ki. Mwali mkubwa wa nguvu unaorushwa kwa mikono unakula ki nyingi zaidi. Kuijaza lazima utulie, na ukitulia mbele ya mtu mwenye akili umejikabidhi. Angalia wachezaji wazuri: wakishakubamiza mbali hawakufuati kila mara. Wanabaki pale pale wanajaza. Wewe unainuka huna kitu, wao wamejaa, na raundi inayofuata imeshaamuliwa kabla ya ngumi kurushwa. Ukishajua hili utaanza kuangalia ki ya mwenzako kuliko damu yake, yaani uhai uliombakia.

Ki ikijaa ukaendelea kuijaza unaingia hali ya Sparking, na ni humo tu unapoweza kupiga pigo lako kuu. Usilirushe kutoka mbali mara tu unapoingia. Mtu ameona umewaka, anangoja hilo tu akwepe. Mbane kwanza kwa ngumi, mtoe ki ya kutoweka, kisha ndiyo upige.

Kuhusu vitufe, kwenye mipangilio kuna mfumo wa Classic unaofanana na ule wa zamani. Kama vidole vyako bado vinaukumbuka, chagua huo, hakuna haja ya kujitesa. Halafu ingia mazoezini ufanye kujikinga na kutoweka tu, jioni nzima ikibidi, kabla ya kugusa kombo yoyote.

Kwenye sehemu ya hadithi, unayoicheza peke yako, utakwama kwa adui Vegeta akiwa nyani mkubwa. Wengi sana duniani walikwama hapohapo, kwa hiyo usidhani pedi yako ni mbovu. Jitu lile haliyumbi kwa ngumi za kawaida, ukimng'ang'ania karibu anakukamata. Kaa mbali, zunguka, jaza ki ukiwa nyuma ya miamba, mpige miali. Ukivuka hapo hadithi inanoga sana, maana kuna njia za pembeni: kwa mfano, ukicheza kama Goku, shujaa mkuu, unaweza kukataa kuungana na hasimu wake Piccolo dhidi ya adui Raditz, na mambo yakaenda kwingine kabisa. Jaribu na upande wa Frieza na Goku Black pia, watu wengi wanaishia kwa Goku tu.

Mtandaoni kuna mapambano ya DP, ambapo una pointi 15 za kupanga timu ya hadi watu watano. Wakubwa wanameza pointi nyingi, kwa hiyo utakutana na watu wa bei nafuu wasumbufu, hasa Yajirobe na maharage yake ya Senzu yanayorudisha damu. Usimwache apumue, ukimpa nafasi atakula. Na tumia waya wa intaneti ukiweza. Kwa bando la simu kunakuwa na ucheleweshaji kidogo, na kidogo hicho kinatosha kuua Super Counter zako zote.

Kilichoniuma kweli ni kioo cha kugawana, yaani wawili kucheza kwenye TV moja. Gemu ilipotoka, watu wawili mkiwa chumba kimoja mlibanwa kwenye uwanja mmoja tu, ule mweupe wa Hyperbolic Time Chamber. Gemu hii ilipendwa kwetu kwa sababu ya kukaa bega kwa bega mkipiga kelele, na uwanja mweupe mtupu usiobomoka kitu haukutosha kwa hilo.

Wa kujifunzia nakushauri Krillin. Pointi zake ni chache, na Taiyoken yake inampofusha adui kwa muda wa kutosha kujaza ki.