Usukani mzito kwenye gari la kujijengea: kagua maungio kabla ya kununua pampu nyingine

Ndugu, umeeleza kwamba shasi yako ni ya Land Cruiser 40, injini ni dizeli ya Toyota iitwayo 3L, iliyotolewa kwenye Hiace, boksi la usukani ni la Land Cruiser 60, na pampu ni ya gari la petroli, imefungwa kwa kishikio ulichochomelea mwenyewe. Matairi ni ya inchi 33. Barabarani usukani ni mwepesi, lakini ukipita polepole juu ya mawe ya lava unakuwa mzito na pampu inalia, tena ukimaliza kona haurudi katikati wenyewe. Fundi amekushauri ununue pampu nyingine, nawe unauliza pia kama uongeze pistoni ya kusaidia kusukuma magurudumu.

Mimi naendesha hapa Goma gari lililokusanywa kwa namna hiyo hiyo, na ningeiacha pampu mahali pake kwanza. Kiwandani, pampu, puli, mipira ya kupitisha mafuta na boksi hupimwa vifanye kazi pamoja. Kwenye magari yetu kila kifaa kina asili yake, na mara nyingi kasoro hukaa pale kifaa cha gari moja kinapoungana na cha gari jingine. Isitoshe, dalili zako tatu si lazima ziwe na chanzo kimoja.

Anza kwa kujua kama kasoro iko kwenye vyuma au kwenye mafuta ya usukani. Inua ekseli ya mbele kwa jeki, iweke juu ya stendi imara, zima injini, kisha ifungue rotili, yaani kiungo chenye kichwa cha duara kinachounganisha mkono wa boksi na fimbo inayosukuma magurudumu. Sukuma gurudumu kwa mikono, kushoto na kulia. Likiwa zito hapo, hakuna pampu itakayokuponya: ama rotili zimekauka, ama beringi za juu na za chini za kifundo cha gurudumu zimekazwa kupita kiasi, jambo linalotokea fundi anapofunga upya bila kurudisha bati nyembamba zote alizozikuta.

Kisha, rotili ikiwa bado imefunguliwa, kaa kwenye kiti uzungushe usukani polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na hapa usiwe na haraka, kwa maana ndipo magari ya kujijengea yanapoficha mengi. Ukiona unakaza na kulegea mara mbili katika kila mzunguko mmoja, tazama krosi, yaani viungo vinavyoiwezesha fimbo ya usukani kupinda huku ikizunguka. Krosi moja inayofanya kazi kwa pembe kubwa haipitishi mwendo sawasawa: huenda haraka na polepole kwa kupokezana, na pembe inapokaribia digrii 30 tofauti hiyo mkono wako unaihisi wazi. Kwa kuwa boksi la 60 halikai pale lilipokaa boksi la zamani la 40, fimbo hulazimika kupinda kulifuata. Dawa yake ni krosi mbili zinazogawana pembe, na uma zake za ndani zikae mstari mmoja. Zikifungwa kinyume, kasoro ya kwanza inaongezwa na ya pili badala ya kufutwa. Ukiongeza kipande cha fimbo katikati, kiwekee beringi ya kukishikilia kwenye mwili wa gari, la sivyo kitayumba. Na kazi ya kuchomelea fimbo hiyo usimpe mtu ambaye hujawahi kuona kazi yake ikivunjwa na kukaguliwa.

Usukani kutorudi katikati ni habari nyingine kabisa, nami nashangaa jinsi pampu inavyolaumiwa kwa hilo. Kinachorudisha magurudumu ni mwinamo wa kifundo kuelekea nyuma, yaani kasta. Kwenye shasi ya 40, springi za mbele zinaning'inia kwa ncha ya mbele. Ukiweka vyuma virefu zaidi vya kuning'iniza ili kuinua gari, ncha hiyo inashuka, ekseli inazunguka kidogo na kasta inapungua. Digrii mbili tu zikipotea, utaliona gari likitangatanga na usukani ukibaki pale ulipouacha. Kabari za chuma kati ya springi na ekseli huirudisha, lakini pima pia pembe ya shafti ya mbele, ile inayopeleka nguvu kwenye ekseli, kwa sababu nayo inabadilika. Sababu ya pili ni skurubu iliyo juu ya boksi: mtu akiona usukani una mchezo, yaani unazunguka kidogo bila kugeuza magurudumu, huikaza, naye akiikaza mno, boksi linashikana likiwa katikati kabisa. Gari likiwa juu ya stendi na rotili ikiwa imefunguliwa, mshiko huo utausikia mkononi.

Sasa mafuta, na kilio cha pampu. Fungua kopo la mafuta ya usukani injini ikinguruma. Yakiwa na povu, kuna hewa inayovutwa kabla ya pampu, na mpira wa kuvuta unaweza kuingiza hewa bila kudondosha hata tone moja nje, kwa kuwa ndani yake kuna mvuto, hakuna presha. Badilisha mpira na vibano vyake, na hakikisha kopo liko juu ya pampu. Yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Tumia mafuta mekundu ya gia za otomatiki, aina ya Dexron, yaliyo katika chombo kilichofungwa, kamwe si mafuta ya breki, ambayo huharibu sili. Kutoa hewa, inua magurudumu, zima injini, zungusha usukani polepole mwisho hadi mwisho mara nyingi huku ukijaza kopo, ndipo uwashe. Kwa kuwa pampu yako ni ya petroli, huenda ina vijibomba viwili vyembamba vya hewa vilivyokuwa vikipandisha mzunguko wa injini, vizibe vizuri.

Kuhusu uzito wakati wa kwenda polepole, kuna jaribio lisilogharimu chochote. Simama juu ya mawe, geuza usukani injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini, halafu mtu akanyage hadi kama mizunguko 1,500 kwa dakika nawe ugeuze tena. Uzito ukiondoka, presha ipo lakini mafuta yanayofika kwenye boksi ni machache: mkanda unateleza, au puli ya pampu ni kubwa mno kwa dizeli inayozunguka taratibu. Puli ya injini ikiwa na milimita 150 na ya pampu 150, vyote vinakwenda sawa. Ukiweka ya 120 kwenye pampu, inazunguka robo zaidi. Uzito ukibaki, tafuta geji ya presha yenye valvu na uifunge kati ya pampu na boksi, geji ikae upande wa pampu. Mafuta yakishapata moto, funga valvu kwa sekunde zisizozidi 5. Pampu nyingi za aina hii hufika kati ya baa (kipimo cha presha) 70 na 100 hivi. Ikifika kwa valvu iliyofungwa lakini isifike valvu ikiwa wazi na usukani ukiwa mwishoni, mafuta yanapenya ndani ya boksi, pampu haina kosa. Ikishindwa hata kwa valvu iliyofungwa, hapo fundi wako alisema kweli, nunua pampu.

Mpira wa presha ubanwe kwa mashine na wale wanaotengeneza mipira ya mitambo ya ujenzi. Kibano cha skurubu upande huo ni hatari.

Kabla ya kufunga kazi, mtu ageuze usukani gari likiwa chini nawe utazame shasi pale boksi lilipofungwa. Ikipinda au ukiona ufa kwenye rangi, iongezee bati, na boliti zipite ndani ya mabomba yaliyochomelewa pande zote mbili za shasi, kwa maana shasi nyingi za 40 hazikutengenezwa kubeba nguvu ya boksi la hidroliki. Wanaopita kila siku juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002 mjini, au ile ya 2021 upande wa Buhene, wataona ufa huo mapema kuliko wengine.

Kwa hiyo pistoni ya kusaidia isubiri. Inahitaji boksi litobolewe, inakula mafuta mengi zaidi kutoka kwa pampu ambayo bado hatujui inatoa kiasi gani, na itaivuta hiyo hiyo shasi. Kwa matairi ya inchi 33 sioni haja nayo. Ukipima presha, niandikie baa ulizopata, valvu ikiwa imefungwa na ikiwa wazi, na vipimo vya puli zote mbili.