Spika za jiwe za bustanini kutoka Marekani zinakoroma tu

Ndugu, kama hizo spika za umbo la jiwe shemeji kakuletea toka Marekani na hapo Dar zinakoroma tu, usizitupe. Za zamani nyingi zinatumia transmita (kile kidude kinachorusha sauti hewani hadi kwenye spika) ya 900 MHz na huku masafa hayo ni ya simu, so utagongana na minara na unaweza kuwavurugia majirani, hiyo transmita achana nayo kabisa. Adapta ikiwa imeandikwa 120V tu usiichomeke ukutani, itaungua. Mpe fundi atoe saketi ya ndani aweke bodi ndogo ya Bluetooth yenye amplifaya ya 12V, ila kwanza acheki ule mpira unaozunguka koni (ile sehemu ya spika inayotikisika) kama haujaoza, maana hapo ndo besi inapofia. Ganda lile ni zuri mno jamani! Sehemu za betri zikiwa na kutu futa na siki.